Kwa vijana wetu mliovalishwa nyota: usiku mnakuwa wapi?

Kamwene vijana wangu. Naandika kwa simu, vidole vizito na miwani imechoka, kwahiyo mtanivumilia mkiona maneno yameparamiana. Nawaandikia nyie watoto wa Mafinga, Makambako, Njombe na wale wa Tukuyu na Mbalizi niliowaona kwenye picha za Monduli, kile chuo cha maofisa wa jeshi, na nyota ya kwanza begani. Wazazi wenu wamechinja, watu wamekula pilau, na mimi nilikula tena sahani mbili. Hongereni sana. Sasa mmoja wenu alipita nyumbani wiki iliyopita kuniaga, anasema mwezi ujao anaenda kulinda amani, akaniuliza eti babu, tukikamata mateka halafu vijana wangu wakawapiga, mimi siku hiyo sipo, kosa la nani? Nilimjibu kwa kifupi kwasababu mvua ilikuwa inakuja na viazi viko nje. Jibu refu ndo hili.

Kosa ni lako. Aliyepiga ana la kwake na atalibeba, hilo halina ubishi, ila na wewe una lako na halipungui kwasababu ulikuwa umelala.

Mimi vita ya Kagera niliingia koplo. Baada ya kuuteka mji wa Masaka kule Uganda, Februari 1979, tuliwekwa kulinda mateka kwenye jengo moja lililokuwa ghala la kahawa. Kapteni wetu alikuwa mtu mfupi, mkali, wala hakuwa na huruma ya kujionyesha, lakini alikuwa na tochi. Saa sita usiku anakuja, saa tisa anakuja tena, hasemi anakuja lini, siku nyingine anapita mlango wa nyuma. Anamulika mmoja mmoja, anauliza jina, anamwambia nyoosha mikono, anashika kifundo cha mkono aone kama kamba imekaza, halafu anaandika kwenye kaunta buku na sisi walinzi tunasaini. Sisi tulikuwa tunanung'unika kwelikweli, huyu mtu halali? Siku moja sajenti akamuuliza kiutani, afande kwani hutuamini? Akasema, nataka wao wajue nakuja, na nyie mjue nakuja. Basi, akaendelea kumulika. Ghala lile hakuguswa mtu, na sio kwamba sisi tulikuwa malaika, tulikuwa na hasira, tulikuwa tumeona walichofanya Kagera.

Miaka mingi baadaye ndo nikajua kwamba yule kapteni alikuwa anaishi sheria bila kuitaja. Mikataba ya Geneva ya 1949, ule wa tatu wa mateka wa kivita, unasema mateka yuko mikononi mwa serikali, sio mikononi mwa askari au kikosi kilichomkamata. Lielewe hilo vizuri: sio wako, sio wa sajenti wako aliyefiwa na rafiki jana. Akiulizwa anatakiwa kutoa jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake, basi, na asipotaka kusema zaidi huruhusiwi kumtesa ili aseme. Halafu kuna Mkataba wa Roma ulioanzisha ICC, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Tanzania iliuridhia 2002, ibara ya 28 inamhusu kamanda moja kwa moja. Kama watu wako chini yako kweli, na ulijua, au kwa hali ilivyokuwa ulipaswa kujua, na hukuchukua hatua zilizo ndani ya uwezo wako kuzuia au kuadhibu au kupeleka kesi kwa wanaohusika, unajibu wewe. Hapo kwenye "ulipaswa kujua" ndo wengi wanapochinjiwa.

Kuna kesi moja nataka muishike kuliko zote, ya kambi ya Čelebići kule Bosnia. Mwaka 1992 Waserbia walifungiwa pale, wakapigwa, wakateswa, wengine wakafa. Mkuu wa kambi aliitwa Zdravko Mucić. Kwa hayo ya kupiga na kuua hakuhukumiwa kama mtendaji, alihukumiwa kwa sababu watendaji walikuwa watu wake. Na mahakama ya The Hague, ile ya Umoja wa Mataifa ya vita vya Yugoslavia, mwaka 1998 ikagusa kitu ambacho nilipokisoma nilikaa kimya muda mrefu: bwana huyu alikuwa na tabia ya kutokuwepo kambini usiku, na usiku ndo mambo yalikuwa yanafanyika. Akapewa miaka 7, baadaye ikapandishwa hadi 9. Kwenye kesi hiyohiyo kulikuwa na mwingine, Zejnil Delalić, mtu mkubwa eneo lile, yeye aliachiwa kwasababu haikuthibitika kwamba kambi ile ilikuwa chini ya amri yake. Kwahiyo sheria haikamati kila mwenye jina kubwa, inamtafuta yule ambaye angesema "acheni" na wangeacha.

Nilikaa kimya kwasababu na mimi niliwahi kwenda kulala.

Nimesharudi kutoka jeshini, niko kijijini ndani ndani huko mbele ya Makambako, kijiji sikitaji. Wizi ulizidi, tukaunda sungusungu, na mimi kwa vile niliwahi kuvaa kombati wakanipa ukamanda. Mwezi wa saba, baridi ile ya umande kuganda kwenye majani, tukamkamata kijana na gunia la viazi vya mbegu. Tukamfungia kwenye ghala la pareto. Nikawaambia vijana mlindeni, asubuhi tunampeleka kwa mtendaji, halafu nikaenda kwangu. Sikusema mpigeni, naapa. Ila sikusema msimpige pia, na nilijua kwamba mmoja wa wale walinzi ndo mwenye viazi. Saa nane nikatoka nje kujisaidia nikasikia sauti kutoka upande wa ghala. Sio kelele, ni kama mtu anakohoa halafu anazibwa. Nikasimama pale mlangoni na baridi yangu. Nikarudi ndani nikavuta blanketi.

Asubuhi walikuwa wamemmwagia maji usiku kucha na mikono wamemfunga nyuma na kamba ya katani, vidole vimevimba kama ndizi. Mama yake akaja, hakulia, akauliza mkubwa wao nani? Watu wote wakanigeukia mimi, hata wale walinzi waliompiga nao wakanigeukia. Nikasema mama mimi sikuwepo. Akaniambia, ulikuwa wapi?

Baraza la wazee lilinitoza mtamba mmoja, nikaulipa. Yule kijana sasa ni mtu mzima, anauza mahindi sokoni Makambako, nikinunua kwake ananirudishia chenji na ule mkono wenye vidole viwili visivyonyooka, na kila mara anahesabu taratibu mpaka natamani aniibie. Hatujawahi kuliongelea.

Sasa msije mkadhani haya ni ya wanyonge tu. Marekani kwa ukubwa wake, jela la Abu Ghraib karibu na Baghdad, mwisho wa mwaka 2003, mateka wakavuliwa nguo, wakatishiwa mbwa, wakapigwa picha, zamu ya usiku tena, mnaona? Askari mmoja, Joseph Darby, akachukua zile picha akazipeleka kwa wachunguzi Januari 2004, na Aprili dunia nzima ikaziona. Meja Jenerali Antonio Taguba akachunguza akaandika wazi kwamba uongozi ulikuwa mbovu. Ikafika kwenye adhabu: Charles Graner, askari wa chini, miaka 10. Ivan Frederick, sajenti, miaka 8. Brigedia aliyesimamia majela, Janis Karpinski, kashushwa cheo akawa kanali. Kanali Thomas Pappas wa upelelezi faini dola 8,000 na karipio. Ofisa aliyepandishwa mahakama ya kijeshi kwa mambo hayo ni mmoja tu, Luteni Kanali, na makosa ya mateka akashinda. Mimi hapo sikubaliani nao kabisa, samahani, haiwezekani mbwa aingie gerezani mwezi mzima na mwenye funguo asisikie akibweka.

Na jirani yetu Kenya, kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa wa Mau Mau walilazimishwa kufanya kazi wakapigwa mpaka 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya wakoloni ikavihusisha vifo na maji waliyokunywa kwenye gari la maji! Mwaka 2013 Waingereza walilipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa enzi zile, zaidi ya miaka 50 imepita. Kwahiyo ukiona ripoti imeletwa mezani kwako inasema mateka kaanguka chooni, usisaini kwanza, nenda ukakione hicho choo.

Najua mtakuwa na mjuaji mmoja atakayesema mbona Bemba, kiongozi wa wapiganaji wa Congo, aliachiwa. Kweli, 2016 ICC ilimpa miaka 18 kwa yaliyofanywa na watu wake Jamhuri ya Afrika ya Kati, 2018 rufaa ikamwachia, majaji watatu kwa wawili, hoja mojawapo ni kwamba alikuwa mbali, na hatua alizochukua hazikupimwa sawasawa. Na upande wa pili kuna Jenerali Yamashita wa Japani, Wamarekani walimnyonga Februari 1946 kwa unyama wa majeshi yake Ufilipino wakati yeye anasema mawasiliano yalikuwa yamekatika, hata majaji wawili wa mahakama yao ya juu kabisa walikataa kuunga mkono. Mimi naona ile ilipitiliza. Lakini wewe luteni usu, mateka wako watakuwa hatua mia kutoka kwenye hema lako. Hoja ya umbali huna.

Vitu vidogo vya kuangalia: mlinzi anayejiombea zamu ya usiku kila siku. Mateka ambaye ukimuuliza swali anamwangalia mlinzi kwanza ndo akujibu. Daftari la lindo lililojazwa wiki nzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Askari anayemaliza zamu anacheka sana. Ukiona kimoja, ingia ndani wewe mwenyewe, usitume mtu. Ukikuta mtu kaumizwa ita daktari kabla hujaita maelezo, mwondoe aliyehusika kwenye lindo usiku huohuo, andika na tarehe na saa, peleka juu. Mkubwa wako akisema tulimalize kimya kimya, mwambie afande naomba hilo kwa maandishi, utashangaa litakavyobadilika haraka.

Na huyo mjukuu wangu anayesafiri, tochi ya yule kapteni sina, ila nimenunua moja ya kuchaji pale stendi Mafinga na kaunta buku ya kurasa mia mbili. Viko kwa bibi yako, pita uchukue kabla hujapanda basi.