Kijerumani cha kwa keshia: tuanze na namba

Habari zenu wote. Kwa mliofika Ujerumani juzijuzi, wiki hii ni maneno ya supamaketi.

Kinachokwamisha wengi ni namba. Mjerumani hutaja mamoja kabla ya makumi: 24 ni "vierundzwanzig", yaani nne na ishirini. Ukisikia harakaharaka utatoa euro 42. Bei ya 3,85 husomwa "drei Euro fünfundachtzig". Mkato ndiyo desimali yao. Hadi sikio lizoee, tazama skrini ya keshia, si aibu hata kidogo.

Atauliza "Bar oder mit Karte?", taslimu au kadi. Jibu "Bar" au "Mit Karte, bitte". Penye kibao "nur EC-Karte", yaani kadi ya benki za Ujerumani tu, Visa na Mastercard huenda zikakataliwa, kwa hiyo msikose taslimu. "Brauchen Sie den Bon?" ni risiti. Chukueni.

Chupa msitupe! "Pfand" ni amana: kopo au chupa ya plastiki ya kutumika mara moja ni senti 25, chupa ya bia ya kawaida senti 8. Msiziponde, kwa sababu mashine ya kurudishia chupa husoma alama ya mistari. Karatasi inayotoka mpeni keshia.

Mgahawani tahadhari: ukikabidhi noti huku ukisema "Danke" (asante), mhudumu anaweza kuelewa chenji ni yake. Bili ikiwa 17,60, mpe 20 useme "Achtzehn, bitte", yaani kumi na nane, atakurudishia 2.

Kabla ya Ijumaa kila mtu arekodi sauti akisoma bei tano za risiti yake, aitume hapa. Tutasahihishana.