Ndege Ikinigeukia

Ndugu yangu Idi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na Mjomba bado anadai gundi yake. Najua ni mimi niliyenyamaza miaka yote hii, lakini usinilipize kwa kuchelewa kujibu, maana barua hii ina haja ndani yake.

Nimerudia ndege za rimoti, au niseme nimeanza upya. Nilipolifungua lile boksi la zamani, harufu ya mafuta ya mbarika ilikuwa bado imo, pamoja na rimoti ya megahezi 72 na kristali zake, vile vipande vidogo vya kupanga masafa ya redio, zile tulizokuwa tukigombania zamu kwa sababu wawili wakiwasha kwenye masafa mamoja, ndege ya mtu lazima ianguke. Sasa ninayo ya gigahezi 2.4, iliyounganishwa na kipokezi chake peke yake ndani ya ndege, na mota ya umeme badala ya ile injini ya kelele. Betri ya lithiamu ndiyo yenye miiko kama dawa ya mganga: isichajiwe bila mtu kuiangalia, isikaushwe chaji, na ikiwekwa kabatini ibaki kwenye volti 3.8 hivi kwa kila seli.

Hayo yote yanajifunzika. Kinachonishinda ni kile kile cha zamani, yaani ndege ikinigeukia. Ikinipa mgongo, kulia ni kulia; ikinijia, kulia kwake ni kushoto kwangu, na vidole vinachanganyikiwa. Jumamosi nilizungusha mara mbili bila kosa, kisha ikaja kwangu huku bawa lililo upande wangu wa kulia limeinama. Nikasukuma kijiti cha rimoti kushoto. Likazidi kuinama, nikavuta pua juu kwa hofu, mwendo ukaisha, ikadondoka kama embe. Nilipoifikia, pua ilikuwa imekatika, na unyasi mmoja ulikuwa umejisokota kwenye shafti ya mota kwa ustadi kuliko mafundo yangu yote.

Nilikumbuka maneno yako nikiwa nimeshachelewa: sukuma kijiti upande wa bawa lililoinama, kana kwamba unaliwekea nguzo. Kila usiku nafanya mazoezi hayo kwenye kompyuta kwa dakika 20 na napatia, lakini kule ukibonyeza kitufe unaletewa ndege nyingine, kwa hiyo moyo haudundi. Uwanjani unadunda, na nguzo naiweka upande usio wake.

Ndiyo maana nakuomba uje usimame ubavuni mwangu. Rimoti za siku hizi huunganishwa mbili bila waya, nawe utainyakua ndege kabla sijaizika. Sitaki mtu mwingine. Yule bwana wa zamu za asubuhi ananifokea, na nikifokewa nasahau hata kushoto kulipo.

Je, waweza kupata nafasi mwisho wa mwezi? Bado una ile subira, au uzee umeila? Pua nimeiunga kwa gundi nyingi na imekuwa nzito: nirudishe betri nyuma hadi mizani ya ndege irudi kwenye robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wake wa mbele, au nikate pua nianze tena? Na kile kifaa cha kuituliza ndege chenyewe, nikifunge, au kitanizoesha uvivu? Na boksi hili la kristali, unalitaka?

Wako,
mwenye gundi vidoleni