Bwate ya Supra kwenye Hilux: kabla hujalipa, fikiria mlima wa Ngomo

Papa mmoja alitufikia garajini na bwate (sanduku la gia) ya Supra, lile gari la mbio la Toyota, imelazwa nyuma ya teksi, imefungwa kwa kamba za mpira. Hilux yake, 4x4 ya V6 lita 3, gia ya tatu ilikuwa inachomoka yenyewe. "Fundi, Toyota ni Toyota. Funga tu, kesho nishuke Uvira."

Hakukosea sana. Bwate ya Hilux yake ni R150F, ile aliyonunua ni R154. Ni ndugu wa ukoo mmoja, na ukizilaza sakafuni utaona jinsi miili yao inavyofanana. Ndiyo maana muuza vipuri anaapa bila aibu kwamba zinaingiliana.

Ugomvi uko kwenye meno. Gia ya kwanza ya R150F ni 3.830, yaani injini inazunguka karibu mara nne ndipo shafti ya nyuma izunguke mara moja. Ya R154 ni 3.251, maana Supra iliundwa kukimbia, haikuundwa kubeba saruji. Hapo unapoteza kama asilimia 15 ya nguvu ya kuvuta. Gia ya nne zote ni 1.000, kwa hiyo kwenye tambarare ya Ruzizi hutahisi kitu. Lakini kabla ya Ruzizi kuna Ngomo. Umepakia, lori limekwama mbele yako konani, unataka kuondoka: utaondoka kwa kuunguza klachi, na ile harufu tunaijua wote. Gia ya tano ya Supra, 0.753, inapumzisha injini kwenye barabara kuu iliyonyooka. Mwenye kuijua barabara hiyo hapa Kivu atuonyeshe.

Halafu angalia mkia. Ile F kwenye R150F ni alama ya 4x4: nyuma ya bwate kuna mahali pa kufungia bwate ndogo ya kugawa nguvu mbele na nyuma. R154 haina, inatoka moja kwa moja kwenda kwenye shafti ya gari. Kuigeuza ni kuifungua yote, kubadili shafti ya kutokea pamoja na nyumba yake. Kengele ya mbele, inayoshika injini, angalau inafunguka, ila lazima tupime urefu wa shafti ya kuingilia na kuhesabu meno yake. Mwisho wa hesabu umelipa bwate mbili.

Tulimfungulia ya zamani. Slivu ya gia ya tatu, ile pete inayoshika gia isichomoke, ilikuwa imelika na beringi imelegea, basi. Tukabadilisha hizo.

Kwa hiyo kabla ya kununua, fungua boneti utafute kibati cha chuma chenye maandishi ya gari. Kwenye mstari wa TRANS/AXLE kuna jina la bwate yako. Kipige picha, tutumie kwa WhatsApp, kisha ndiyo uende sokoni.

Ile R154 bado iko kwetu, papa ametuomba tumtafutie mteja. Kama una Supra, njoo uione.