Barua kwa mwanangu: nenda ofisini

Mwanangu,

Jana usiku tukila, dada yako alitoboa kwamba wiki mbili sasa huingii darasani kwa sababu ya karo. Kwa nini nilisikie kwake? Umeshakwenda kwa msimamizi wa wanafunzi? Nenda, usingoje jina lako liondolewe.

Nakujua. Utanyamaza, utafunga sanduku, utapanda matatu, tushtukie umesimama mlangoni. Kaka yako alirudi hivyo hivyo, na hadi leo hakuna aliyemuuliza alidaiwa pesa ngapi. Hata mimi sikuuliza.

Stashahada ya ualimu ni miaka 3, nawe umebakiza mmoja. Ukitoka sasa, namba ya ualimu ya TSC, ile tume ya walimu, hutaiona. Na huku tunakungoja. Juzi mtoto wa shangazi yako, yule wa gredi ya kwanza, alionyeshwa picha ya nyuki akamtaja nyuki kwa Kiogiek, lugha yetu. Mwalimu akamwambia amekosea. Mtoto aliyeanza kupanda mizingani na babu yake kabla ya kujua kushika penseli! Sasa akiulizwa jambo anatazama miguu yake. Serikali yenyewe inasema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mama. Sasa nani atawafundisha, kama si wewe?

Nimejivunia sana, ingawa sijakwambia. Ulipoanza shule mimi ndiye niliyekukataza kusema Kiogiek mbele ya wageni, nikiogopa wakuite Dorobo, lile jina la dharau. Basi ukifika ofisini sema wewe ni Mwogiek wa msitu wa Mau, useme kwa sauti. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha ilitamka kwamba sisi ni watu wa asili. Na kifungu cha 56 cha Katiba ya Kenya kinataka makundi yaliyotengwa yapewe nafasi maalum katika elimu na ajira. Karani asikufanye uhisi unaomba chumvi kwa jirani. Waombe wakuruhusu ulipe kidogo kidogo, na wakuandikie barua ya salio la karo nipeleke kwenye basari ya kaunti.

Ile fomu ya basari uliyoniachia mwezi wa kwanza, watu wanasema chifu alichelewesha muhuri. Ilikuwa kwenye koti langu la mvua. Mpya ninayo, imegongwa muhuri tayari, iko ndani ya Biblia ya mama yako. Inangoja hiyo barua tu.

Viazi vimeshuka bei, kwa hiyo gunia mbili nimezizuia stoo kwanza. Ule mzinga wa mtarakwa karibu na mto umejaa. Nikirina nitakutumia chupa moja, nyingine umpe mwenzako wa chumbani aliyekukopesha nauli. Mama yako anauliza kama ile sweta ya kijani bado inakutosha, kwa maana asubuhi huku kuna barafu kwenye nyasi.

Jumatatu ukitoka ofisini nipigie. Kama huna salio nibipu, nitakuwa kwenye kilima cha mtandao kuanzia saa nne.

Baba yako