Moshi wa hita ya bwawa unaenda wapi?

Mhariri, naomba nafasi kwenye safu ya barua maana hili jambo limenikaa rohoni wiki ya pili sasa. Mi ni fundi wa mabwawa ya kuogelea, kazi yangu kubwa ni pampu, filta na dawa za maji, na siku hizi kila mwenye bwawa anataka maji ya uvuguvugu kwa hiyo anafungiwa hita ya gesi, na hapo ndo nakutana na mambo ya kutisha.

Wiki iliyopita nimeitwa kuangalia hita inayojizima kila baada ya dakika chache. Nafungua kibanda cha mashine, ukuta juu ya hita mweusi tii, ukipitisha kidole unatoka na masizi, na moto wenyewe ni wa njano unayumbayumba badala ya kuwa wa bluu uliotulia. Bomba la moshi limeishia humohumo ndani, halijafika hata kwenye paa. Nikafungua kifuniko, kwenye swichi ya mtiririko wa maji, ile inayozima hita maji yakipita kidogo, nikakuta kipande cha waya kimeunganisha ncha mbili, yani fundi aliyepita aliona hita inajizima akaamua kuiziba mdomo ile swichi, wakati kumbe shida ilikuwa filta imeziba na maji hayapiti ya kutosha, kwa hiyo kinga iliyobaki ikawa ile moja tu ya joto kupita kiasi na ndo hiyo iliyokuwa inaizima. Kibanda kimeegemea chumba cha kulala, dirisha liko hatua mbili tu toka mlangoni. Nikauliza nani analala humu? Nikaambiwa watoto wakija likizo.

Nilifunga valvu ya gesi palepale. Mwenye nyumba alikasirika, anasema hita imefanya kazi mwaka mzima na hakuna aliyeumwa.

Sasa hapo ndo watu wengi hawaelewi. Gesi ikiungua vibaya inatoa kaboni monoksaidi, na hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ile harufu kali tunayoisikia gesi ikivuja imewekwa makusudi ili tushtuke, lakini kaboni monoksaidi haijawekewa chochote, inaingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni, mtu anaumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, anadhani amechoka au amekula kitu kibaya, anaenda kulala na haamki.

Mwaka 1994 Vitas Gerulaitis, mcheza tenisi aliyechukua ubingwa wa Australia 1977, alikufa akiwa na miaka 40 huko Southampton, New York. Alikuwa amelala kwenye nyumba ya wageni ya rafiki yake, na hita ya bwawa iliyofungwa vibaya ikapitisha hiyo sumu mpaka chumbani. Na kuna lingine la 2013 ambalo mi likinijia kichwani nashindwa kuendelea na kazi. Mji wa Boone, North Carolina, Marekani, mwezi wa 4 mume na mke wazee walikutwa wamekufa kwenye chumba cha hoteli, chumba kikaja kufunguliwa tena kwa wageni, na mwezi wa 6 mtoto wa miaka 11 akafa kwenye chumba hichohicho, mama yake akaponea chupuchupu. Chini ya chumba ndo kulikuwa na hita ya bwawa na bomba lake la moshi limeliwa na kutu. Watu watatu, chumba kimoja, karibu wiki nane katikati, na hakukuwa na alam ya kaboni monoksaidi.

Kwa hiyo ninachoomba kwa kila mwenye bwawa, iwe nyumbani, hotelini au shuleni, kabla hujauliza hita inapasha kwa muda gani uliza moshi wake unatokea wapi. Ikiwezekana hita ikae nje kabisa, mbali na madirisha, milango na mahali AC inapovuta hewa, na umbali ufuatwe ule ulioandikwa kwenye kitabu cha hita sio wa kukadiria kwa macho. Ikibidi ikae ndani basi bomba la moshi lipande mpaka juu ya paa, na chumba kiwe na matundu ya hewa, moja chini na moja juu, msiyazibe kwa maboksi. Halafu alam ya kaboni monoksaidi iwekwe kwenye kila chumba kinachopakana na hita au kilicho juu yake, na muiangalie tarehe maana nayo inazeeka.

Kufunga gesi yenyewe ni kazi ya fundi wa gesi mwenye leseni, mi mwenyewe pamoja na miaka yangu kwenye mabwawa siigusi. Hita ya gesi asilia ukiilisha gesi ya mtungi bila kubadilishiwa vifaa itaungua vibaya, na bomba la gesi likiwa jembamba au refu kupita kiasi hita inakosa presha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inajaa chini, kwa hiyo hita isiwekwe shimoni, na viungo vipimwe kwa povu la sabuni, jamani sio kwa kiberiti!

Dawa nazo. Klorini isihifadhiwe karibu na hita, mvuke wake unakula chuma, na kifaa cha kutia klorini kikae baada ya hita kwenye njia ya maji kikiwa na valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma. pH iwe kati ya 7.2 na 7.8, ikishuka sana maji yanakula shaba iliyo ndani ya hita. Hita ikikataa kuwaka usirudierudie kuiwasha, funga, subiri gesi itawanyike. Ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi ya taa wala usipige simu hapohapo, funga valvu kama unaifikia salama, toa watu, piga simu ukiwa mbali.

Yule mwenye nyumba alinipigia juzi jioni. Fundi wa gesi amekuja, bomba la moshi linarefushwa na ule waya umetolewa. Nimemwambia hata hita ikiwa tayari watoto walale chumba kingine mpaka alam ifungwe, amekubali.

Fundi wa mabwawa, msomaji wenu wa kila siku