Kichujio Kimewekwa, Mbona Muziki Haujabadilika?

Wateja wengi wanaotuomba msaada hueleza kwamba wameweka ikwalaiza (kichujio cha kuongeza au kupunguza masafa ya sauti, kuanzia besi hadi sauti nyembamba), wamepakia na faili ya konvolusheni (faili ya namba zinazosahihisha sauti ya chumba), lakini muziki wanaousikiliza kutoka intaneti umebaki vilevile. Mara nyingi kichujio ni kizima, ila sauti haipiti kwake. Katika Windows, programu ya ikwalaiza iitwayo Equalizer APO hufanya kazi ndani ya mfumo wa sauti unaotumiwa na programu zote kwa pamoja. Kwa hiyo programu ya muziki ikiruhusiwa kukimiliki kifaa cha sauti peke yake, au ikitumia ASIO, njia inayopeleka sauti kwenye kifaa bila kupitia mfumo huo, sauti hukikwepa kichujio. Tunaanza kwa kuizima hali hiyo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Tatizo linalojificha zaidi ni kiwango cha sampuli, yaani idadi ya vipimo vya wimbi la sauti katika kila sekunde. Ikwalaiza ya kawaida hukokotoa upya hesabu zake kiwango kinapobadilika, lakini faili ya konvolusheni ni mfuatano wa namba uliotengenezwa kwa kiwango kimoja tu. Faili iliyoandaliwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde ikitumiwa kwa 44,100 bila kubadilishwa, masahihisho yote huteremka: lile lililokusudiwa kupunguza mvumo wa chumba kwenye hezi 60 huangukia karibu na hezi 55, na mvumo wenyewe hubaki palepale. Kwa kuwa programu nyingine hubadilisha faili zenyewe na nyingine hazifanyi hivyo, sisi humtengenezea mteja faili mbili, moja kwa kila kiwango, kutokana na kipimo kilekile cha Room EQ Wizard, programu ya kupima sauti ya chumba.

Wapo pia wanaolalamika kwamba sauti inakwaruza. Muziki mwingi wa siku hizi hurekodiwa ukiwa karibu kabisa na ukomo wa juu wa sauti ya kidijitali, na kuongeza desibeli 6 ni kuzidisha ukubwa wa wimbi takriban mara mbili. Mahali pa kuziweka hapapo, hivyo vilele vya mawimbi hukatwa. Ukiongeza desibeli 6 popote, punguza sauti yote kwa desibeli 6 mwanzoni mwa mfululizo wa vichujio, kisha ongeza kwenye amplifaya.

Kwa maoni yetu, afadhali kupunguza masafa yanayovuma kuliko kuongeza yanayokosekana. Besi inayopotea pale unapokaa kwa sababu mawimbi yanafutana haiwezi kurudishwa kwa ikwalaiza, maana ukiongeza sauti ya spika, mwangwi unaoifuta nao huongezeka kwa kiasi kilekile. Hapo dawa ni kusogeza spika au kiti.

Anayetazama filamu kwenye kompyuta hiyohiyo atujulishe mapema. Kichujio kirefu kinachosawazisha pia wakati wa mawimbi, chenye namba 65,536 kwa mfano, kinaweza kuchelewesha sauti kwa takriban robo tatu ya sekunde, na midomo ya waigizaji ikaachana na maneno. Mteja wa namna hiyo tunampa kichujio kinachorekebisha nguvu ya masafa pekee, ambacho ucheleweshaji wake ni mdogo mno kuonekana kwenye picha.