Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Kaunti ya Nakuru

Mheshimiwa,

KUH: MFUKO WA KUKARABATI UKUMBI WA MICHEZO YA KUIGIZA

Ninakuandikia kwa niaba ya wasanii na wakazi wanaochangisha fedha za kukarabati ukumbi wa zamani wa michezo ya kuigiza mtaani kwetu, ambao ni mali ya umma, nikiomba serikali yako ifungue mfuko maalumu wa kazi hiyo, kwa sababu harambee pekee haitoshi.

Mvua inaponyesha, maji hupenya kwenye mabati yaliyoliwa na kutu na kuteremka ukutani nyuma ya jukwaa. Upande wa kushoto mbao zinabonyea ukizikanyaga, kwani mchwa wamekula mihimili. Mahali ukuta ulipozibwa kwa saruji, mawe ya kando yameanza kumomonyoka: saruji ni ngumu kuliko mawe haya laini yaliyojengewa kwa chokaa, na huuzuia unyevu kutoka. Ndiyo maana tunasihi kwamba paa na mifereji vitangulie, kuta zifuate kwa chokaa, na rangi ije mwisho kabisa, ingawa najua rangi ndiyo hupendeza siku ya uzinduzi.

Watu wa Nakuru si wachoyo. Mama mboga hutoa shilingi hamsini, wanafunzi waliokuja kutazama tamthilia teule wakachanga nauli yao, lakini katika kila harambee huulizwa swali lile lile, tena la haki: pesa hizi zitakaa wapi, na nani atazikagua? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 116, inamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha mfuko wa umma kwa idhini ya kamati kuu na bunge la kaunti. Hesabu za mfuko wa namna hiyo hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Serikali, na hilo lingemtuliza mchangaji kuliko ahadi zetu zote.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli na vifaa vya utamaduni, kwa hiyo hatuombi hisani. Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza jijini Nairobi, uliofunguliwa 1952, ulifunguliwa upya 2015 baada ya ukarabati uliochangiwa na kampuni binafsi. Kampuni za hapa pia zitajitokeza zikiona kaunti imetangulia.

Kwa kuwa makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kabla ya 30 Aprili, tunaomba mambo mawili sasa: mhandisi na msanifu majengo wa kaunti wapime jengo na kutoa makisio ya gharama hadharani, kisha kaunti itenge shilingi moja kwa kila shilingi itakayochangwa na wakazi. Tunaomba pia uiombe wizara husika iuchapishe ukumbi huu katika Gazeti Rasmi kuwa jengo la kihistoria linalolindwa, chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006, ili kiwanja chake kisije kikanyakuliwa tukiwa bado tunachangisha.

Tuko tayari kufika ofisini kwako siku yoyote utakayotupangia.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Nakuru